Ndege Kongwe za Vita: Israfu au Ibra?

Wazee wetu wametuachia misemo miwili isiyokaa nyumba moja. Mmoja wasema ya kale ni dhahabu. Wa pili wasema ya kale hayako. Mtu akitaka kuiona misemo hii ikipigana mieleka, na aende Uingereza siku moja ya kiangazi, pale maelfu ya watu wanapoketi majanini na watoto wao na vikapu vya chakula, macho juu, wakingojea ndege za vita zilizoundwa kabla baba zao hawajazaliwa. Ndege yapita chini kwa mngurumo, wazee wajifuta machozi, watoto wapiga makofi. Kwa dakika kumi, ya kale ni dhahabu. Kisha ndege yatua, na mwenyewe aletewa hesabu.

Makala haya ni ya hesabu hiyo. Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza: mchezo wa matajiri wa Ulaya watuhusu nini sisi? Watuhusu kuliko tunavyodhani. Baadhi ya ndege hizo ziliwahi kuvaa rangi za Kenya, na nyingi zaidi zilivaa rangi za Oman, Saudia, Kuwait na Jordan. Tena swali zinalotuuliza, kwamba kitu kilichopitwa na wakati kitunzwe kwa gharama gani na kwa faida ya nani, ni swali la kila mji wa kale katika mwambao huu.

ZILIKOPITA

Ndege za vita si ngeni kwetu. Mwaka 1942, manowari za Waingereza zilipokimbilia Kilindini kwa kuwaogopa Wajapani, Kipevu palikuwa na ndege aina ya Catalina, zile zenye tumbo la mashua, zikiruka na kutua majini, zikizunguka Bahari ya Hindi kutafuta nyambizi. Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni uwanja wa kimataifa wa Moi, nao ni mtoto wa vita hivyo hivyo. Catalina chache zingali zikiruka duniani hata hivi leo, lakini si huku.

Baada ya uhuru tukapata zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jeshi la anga la Kenya lilipokea ndege sita za jeti aina ya Strikemaster. Ni ndege ndogo ya Kiingereza, rubani na mwenziwe huketi bega kwa bega, na ilizaliwa kutokana na ndege ya kufundishia wanafunzi, ikapewa mabomu na bunduki. Saudia ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuinunua. Kuwait wakainunua, na Oman pia. Huko Oman ndiko ilikopata jina: tarehe 19 Julai 1972, katika mapigano ya Mirbat mkoani Dhofar, Strikemaster zilitoka Salalah zikapita chini ya mawingu mazito ya msimu wa mvua na kubadili mkondo wa siku ile.

Dada yake mkubwa ni Hawker Hunter, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951. Hii nayo ilizunguka nchi za Kiislamu kama mfanyabiashara wa msimu: Iraq, Lebanon, Kuwait, Qatar, Abu Dhabi, Somalia. Kenya pia ilikuwa nazo. Mwaka 1975 Jordan ilipojipatia ndege mpya zaidi, iliwapa Waomani Hunter zake kama zawadi. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa rubani yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1990 kikundi cha Hunter na Vampire za zamani kiliwekwa Bournemouth, Uingereza, zikirushwa katika rangi za jeshi lake, ili vijana wa Jordan na wageni wao wakumbuke jeshi lile lilianza vipi.

Na zile zetu je? Strikemaster za Kenya ziliuzwa Botswana. Botswana nao walipozichoka, baadhi yake ziliangukia mikononi mwa raia wa ng'ambo wenye mapenzi ya ndege. Ndivyo ilivyokuwa kwa za Oman na Saudia. Moja ya zile za Oman iliandikishwa Uingereza kwa herufi G-SOAF, ambazo kwa Kiingereza ni ufupisho wa jina la jeshi la anga la Sultani wa Oman. Kilichokuwa mzigo kwa serikali kikawa johari kwa mtu binafsi. Ni mambo tunayoyajua vizuri hapa pwani: mlango wa kuchonga tuliouona umechakaa hukutwa baadaye sebuleni mwa mgeni, umepakwa mafuta, wang'ara.

BEI YA KUNUNUA, BEI YA KUTUNZA

Tuanze na bei ya kununua, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi. Katika mwaka 1940 Waingereza walichangisha fedha katika miji yao na katika makoloni yao ili kununua Spitfire. Mchango wa pauni 5,000 ulihesabiwa kuwa ndege moja. Hata ilipotokea kwamba gharama hasa ya kuiunda yazidi hapo, hesabu ya mchangaji ilibaki ile ile. Mila hii ilikuwa ya tangu vita vya kwanza: Nizam wa Hyderabad, mtawala wa Kiislamu wa Bara Hindi aliyesifiwa kwa utajiri wake, aliwatolea Waingereza ndege za kikosi kizima, na kikosi hicho nambari 110 kikabeba jina la Hyderabad.

Mwezi wa Julai mwaka 2015 Spitfire moja iliyofufuliwa kutoka mchanga wa pwani ya Ufaransa iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Fedha hizo zilikwenda kwa sadaka. Lakini aliyeinunua alinunua mlango tu, nyumba yenyewe ilikuwa bado.

Maana bei ya kununua hulipwa mara moja, na bei ya kutunza haina mwisho. Chukueni mafuta. Ndege kubwa ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17, yenye injini nne, hunywa kiasi cha lita 750 kwa saa moja. Tena petroli yake si ile ya gari. Injini hizi za pistoni zilizoundwa wakati wa vita zataka petroli kali iliyotiwa madini ya risasi, sumu ambayo magari yameshakatazwa kuitumia. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitamka rasmi kwamba moshi wa mafuta hayo wahatarisha afya za watu, na mpango uliopo kule ni kuyaondoa kufikia mwisho wa mwaka 2030. Ndege ndogo za kawaida nyingi zitaweza kutumia petroli isiyo na risasi. Injini hizi kubwa za zamani ndizo zenye mashaka.

Chukueni vipuri. Kiwanda kilichoviunda kimefungwa, au kimeuzwa, au kimesahau. Mwenye ndege yuko baina ya mambo mawili: atafute kipuri kilicholala ghalani miaka 50, au amwendee mhunzi akiunde upya, kimoja peke yake, kwa bei ambayo zamani ingenunua mia. Ukija kwenye jeti kama Hunter na Strikemaster kuna hata vile viti vinavyomrusha rubani nje ndege inapoharibika. Viti hivyo vina baruti ndani yake, na baruti ina muda wake. Ukipita, hubadilishwa, itumike isitumike.

Bado hatujataja bima, kodi ya banda, mshahara wa mhandisi mwenye cheti, ada za mamlaka ya usafiri wa anga na ukaguzi wa kila mwaka. Ndiyo maana wenye Spitfire za viti viwili wameanza kuchukua abiria. Mtu hulipa zaidi ya pauni 2,000 akae nyuma ya rubani kwa nusu saa. Wapo wanaowacheka. Sisi hatuwacheki: jahazi lisilopata abiria wala shehena huozea mchangani, na ndege ni vivyo hivyo.

PESA ILIPATIKANA, FUNDI HAKUPATIKANA

Lakini kuna kisa kimoja ambacho kingefaa kusomwa na kila mtu anayedhani kwamba shida ya vitu vya kale ni pesa tu.

Vulcan ilikuwa ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza, yenye mabawa mapana kama taa akiwa baharini, iliyoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Ile yenye nambari XH558 iliruka mara ya kwanza mwaka 1960, na jeshi likaistaafisha mwaka 1993. Wapenzi wake walikataa iwe sanamu. Walihangaika miaka mingi, wakapata ruzuku ya pauni milioni 2.7 kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa, na wananchi wa kawaida wakachanga, huyu pauni kumi, yule mia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 ikaruka tena. Kwa miaka minane ikazunguka nchi, na kila mwaka ilikula kiasi cha pauni milioni 2. Kila mwaka watu walisema mwaka huu pesa zitakwisha. Kila mwaka zikapatikana.

Kilichoisha hakikuwa pesa. Ndege ya namna hiyo hairuhusiwi kuruka bila ya makampuni yenye ujuzi nayo kusimama na kusema: tumeikagua, twaidhamini. Makampuni matatu yaliyokuwa yakitoa dhamana hiyo, Rolls-Royce ikiwa mojawapo, yalitamka mwaka 2015 kwamba hayataendelea. Sababu yao haikuwa ubaya. Wale wahandisi waliofanya kazi na Vulcan ujanani walikuwa wamestaafu, na wengine wamekwenda mbele ya haki. Vijana waliobaki walikuwa hodari wa ndege za leo, na si waungwana kuweka sahihi juu ya kitu wasichokijua. Tarehe 28 Oktoba 2015 Vulcan iliruka kwa mara ya mwisho. Injini zilikuwa nzima na petroli ilikuwepo. Mkono wa kuweka sahihi ndio uliokosekana.

Hapa mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Sisi tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, kikibeba boriti na nafaka kutoka visiwa vya Lamu. Haukupotea kwa kukosa minazi ya kusokotea kamba, wala mikeka ya tanga. Ulipotea mafundi walipokwisha bila kuacha wanafunzi. Mwaka 2003 Zanzibar walipotaka kuuunda tena kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ilibidi waunge ujuzi vipande vipande, kutoka picha, vielelezo na maandishi. Nayo Beit al-Ajaib yenyewe ikaporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu. Kitu kisichotunzwa hakifi peke yake.

GHARAMA YA ROHO

Na hapo ndipo tunapofika kwenye hesabu nzito zaidi. Tarehe 22 Agosti 2015, miezi miwili kabla ya Vulcan kustaafu, Hunter moja ilikuwa ikionyesha ufundi wake huko Shoreham, kusini mwa Uingereza. Ilipanda, ikapinduka, ikashuka, haikuwa na nafasi ya kutosha kuinuka tena, ikaanguka juu ya barabara kuu. Watu 11 walikufa. Rubani alisalimika, mwaka 2019 mahakama ya jinai ilimwona hana hatia, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Wafu wenyewe walikuwa barabarani, wala hawakuwa ndani ya uwanja. Wako waliokuwa wakipita tu kwenda zao.

Tangu siku ile mchezo haukurudi kama ulivyokuwa. Hunter zote za kiraia Uingereza zilizuiwa kuruka mpaka mwaka 2017. Jeti kongwe zikakatazwa kupiga mikasi juu ya nchi kavu, zikaachiwa kupita tu. Masharti ya maonyesho yakawa marefu, ada zikapanda, na waandaaji wadogo wakaona heri waache. Marekani nako: Oktoba 2019 B-17 yenye abiria waliolipa nauli ilianguka Connecticut, wakafa watu 7. Novemba 2022 ndege mbili za vita vya pili ziligongana hewani Dallas mbele ya watazamaji, wakafa 6 waliokuwemo. Mwaka 2023 ikaamriwa B-17 zote zikaguliwe maungio ya mabawa, kwa kuwa chuma nacho huzeeka na kuchoka kama mgongo wa mchukuzi. Mei 2024 Spitfire ya kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la Uingereza, kikosi kilichoanza mwaka 1957, ilianguka na kumwua rubani wake.

Watetezi wa mchezo husema ukali wa masharti ndio utakaoziua ndege hizi. Kwa maoni yetu hawasemi kweli kamili. Masharti ni bei ile ile iliyokuwepo tangu zamani, ila zamani haikuandikwa katika daftari la mwenye ndege. Ililipwa na mwingine, siku moja, ghafla. Gharama iliyopanda leo ni gharama iliyorudishwa kwa mwenyewe.

NJIA YA KATI

Je, basi zote zifungiwe ndani ya vioo? Kuna wakulima wawili wa Lincolnshire, ndugu wa tumbo moja, Fred na Harold Panton, waliojibu swali hili kwa namna yao. Kaka yao aliuawa mwezi wa Machi mwaka 1944 akiwa katika ndege ya mabomu iliyokwenda kushambulia Nuremberg. Miaka karibu 40 baadaye walinunua Lancaster moja wakaiweka katika shamba lao huko East Kirkby, mahali palipokuwa uwanja wa jeshi wakati wa vita. Kumbukeni kwamba Lancaster 7,377 ziliundwa, na leo ni mbili tu ziwezazo kuruka, moja Uingereza na moja Canada. Yao haikuruka. Walifufua injini zake nne, wakaiendesha ardhini, juu ya majani, na wageni walilipa kupanda na kuusikia mtetemo ule uliowatia hofu vijana wa miaka 20. Waliiweka ndege wakitaka ndugu yao asisahauliwe.

Sisi tuna mfano ulio karibu zaidi, na mkali zaidi. Katikati ya mji wa Hargeisa imesimama juu ya nguzo ndege ya vita aina ya MiG iliyokuwa ya jeshi la Somalia. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre iliushambulia mji huo kwa ndege, na ndege nyingine zilipaa kutoka uwanja wa mji ule ule ziliokuwa zikiupiga. Maelfu walikufa, na walionusurika walikimbilia Ethiopia kwa miguu. Watu wa Hargeisa hawakuiyeyusha ndege ile ikawa masufuria. Waliipandisha juu ya nguzo. Haiombi petroli, wala bima, wala cheti. Kila mtoto apitaye sokoni huuliza ni nini, na kila mzazi ana jibu.

Basi tuulize lile tulilolianzia: israfu au ibra?

Mwenye kuchoma lita 750 kwa saa ili apigiwe makofi, akasahau kwamba mabawa yale yalizivunja Hamburg na Dresden juu ya vichwa vya wanawake na watoto, huyo hatuoni amepishana vipi na israfu, hata akiwa na leseni zote. Hunter ni ndege nzuri, na si dhambi kuuona uzuri wake. Lakini aliyekuwa chini yake hakuuona. Kumbukumbu isiyomtaja aliye chini ni nusu ya kumbukumbu.

Kwa upande wa pili, anayeitunza ndege ili mtoto aguse chuma, ajue vita vilikuwa vizito namna gani, anayemweka kijana kando ya fundi mzee mpaka mkono ujue kabla fundi hajaondoka, anayelipa gharama yote yeye mwenyewe bila kumwachia mpita njia, huyo anatoa ibra, na pesa yake haikupotea.

Strikemaster zetu sita zimekwenda na hatuzidai. Zilikuwa zana, zilifanya kazi, zikauzwa. Lakini wako wazee miongoni mwetu waliozitia mafuta, waliozikaza boti zake, waliowafunga mikanda marubani wake. Kukaa na mzee wa namna hiyo barazani baada ya Alasiri, kumwuliza na kuandika anayoyasema, hakuhitaji ruzuku ya bahati nasibu. Waliopoteza Vulcan walikuwa na mamilioni, na wangetoa mengi kati ya hayo wapate saa moja ya mazungumzo kama hayo.